Mistari Mitano ya Vitu Kumi Kumi

Katikati ya miaka ya 1880, mjini Leipzig, Ujerumani, kijana wa Kimarekani aitwaye James McKeen Cattell alibandika herufi kwenye pipa dogo linalozunguka, akaweka mbele yake kizuizi chenye upenyo mwembamba, kisha akamketisha mtu na kumwambia azitaje herufi kadiri zinavyopita penye upenyo. Alikuwa mwanafunzi wa Wilhelm Wundt, aliyefungua maabara ya saikolojia katika chuo kikuu cha mji huo mwaka 1879, na pale maabara kila mtu alikuwa na hamu ya kupima mambo ambayo wengine waliyaona hayapimiki. Cattell alitaka kujua ni muda gani unaopita kati ya jicho kuona kitu na ulimi kulitoa jina lake.

Majibu yalichapishwa mwaka 1886 katika jarida la Mind, kwenye makala ya kurasa chache tu. Kutaja rangi au picha kulichukua zaidi ya nusu sekunde, karibu mara mbili ya muda wa kusoma neno au kutaja herufi. Jambo hilo linashangaza ukilitazama vizuri. Mtoto hujua kusema “mti” na “nyekundu” miaka kadhaa kabla ya kuijua herufi hata moja, kwa hiyo mtu angetegemea jina la kale liwahi kutoka. Kumbe kwa mtu mzima aliyesoma, neno lililoandikwa ndilo linalowahi. Cattell alieleza kwamba neno na sauti yake vimekutanishwa mara nyingi mno hata kazi ile ikawa inajiendesha yenyewe, ilhali mbele ya rangi au picha mtu hulazimika kulitafuta jina na kulichagua.

Alijipima na yeye mwenyewe katika lugha alizozijua. Neno la Kiingereza, lugha ya mama yake, lilimchukua sehemu 138 kati ya elfu moja za sekunde. La Kijerumani, lugha aliyokuwa akiishi ndani yake kila siku, lilimchukua 250. La Kigiriki cha kale, 484. Macho yalikuwa yale yale na ulimi ule ule, na kilichotofautiana kilikuwa mazoea.

Kuna jambo jingine alilolipata, ambalo wasomaji wake hawakulitilia maanani sana. Alipopanua upenyo ili herufi zaidi ya moja zionekane kwa pamoja, watu walitaja haraka zaidi. Wakati mdomo unaimalizia herufi ya kwanza, jicho lilikuwa limekwisha kuiona ya pili na ya tatu. Kati ya watu tisa aliowapima, wanne waliendelea kunufaika mpaka herufi tano zilipoonekana kwa pamoja, na ya sita haikuwaongezea kitu. Wengine walikomea kwenye ya nne au ya tatu. Yaani kila mtu ana urefu wake wa kutanguliza jicho mbele ya ulimi, na urefu huo hutofautiana hata kati ya watu wazima waliosoma. Ninaomba msomaji alihifadhi jambo hili, maana lilisubiri karibu miaka mia moja kabla ya kurudi mezani.

Wakati Cattell akihangaika na pipa lake, madaktari walikuwa wanakutana na watu waliopoteza uwezo wa kusoma. Mwaka 1892 Jules Dejerine, daktari wa ubongo mjini Paris, alieleza habari za mfanyabiashara mstaafu ambaye siku moja alijikuta hawezi kusoma. Kiharusi kilikuwa kimempata. Aliona vizuri, alizungumza vizuri, hata barua aliandika, ila barua ile ile akipewa aisome alishindwa. Baada ya kifo chake Dejerine aliukagua ubongo na kukuta madhara nyuma upande wa kushoto, pamoja na sehemu ya nyuma ya lile daraja la nyuzi linalounganisha nusu mbili za ubongo. Alichokiona jicho kiliingia nusu ya kulia, na njia ya kukipeleka kushoto, ambako lugha inakaa, ilikuwa imekatika.

Miaka minne baadaye, Novemba 1896, daktari W. Pringle Morgan wa Seaford, pwani ya kusini ya Uingereza, aliandika katika jarida la madaktari la nchi hiyo juu ya Percy, kijana wa miaka 14 ambaye hakuwahi kupigwa na kiharusi wala kuumia kichwa. Alikuwa hodari wa hesabu na mwepesi katika michezo. Mwalimu wake aliamini kwamba kama masomo yangefundishwa kwa mdomo tu, kijana yule angewapita wenzake wote. Lakini maneno mepesi kabisa yalimshinda kuyasoma. Morgan akauita upofu wa maneno wa kuzaliwa, na ndivyo mlango wa kile tunachokiita leo disleksia ulivyofunguliwa katika vitabu vya tiba. Daktari wa macho James Hinshelwood wa Glasgow aliukusanya ushahidi wa namna hiyo kwa miaka mingi, akautolea kitabu mwaka 1917. Baada ya hapo mambo yalipoa. Watoto waliendelea kuitwa wavivu.

Aliyeunganisha nyuzi hizi ni Norman Geschwind, daktari wa mishipa ya fahamu mjini Boston, Marekani. Alikuwa na tabia, adimu katika fani yake, ya kuzisoma makala kuukuu za Wafaransa na Wajerumani kana kwamba zimeandikwa jana. Mwaka 1965 alichapisha kazi ndefu juu ya dalili zinazotokea pale sehemu za ubongo zinapotenganishwa, na ndani yake mgonjwa wa Dejerine alifufuka. Mwaka uliofuata, pamoja na Michael Fusillo, alieleza mgonjwa wao wenyewe aliyepoteza uwezo wa kusoma na, pamoja nao, uwezo wa kutaja rangi. Mtu huyo aliweza kuzipanga rangi na kulinganisha nyekundu na nyekundu bila kukosea, ila ukimwuliza hii ni rangi gani, jina halikuja. Vitu vya kawaida alivitaja.

Kwa nini rangi, na si kikombe? Maelezo ya Geschwind yananivutia hadi leo. Kikombe unakijua kwa macho, lakini pia kwa mkono, kwa mdomo, kwa joto la chai iliyomo. Jina lake lina njia nyingi za kufikiwa. Rangi haishikiki. Haina uzito, harufu wala mlio. Inaingia kwa jicho tu, na jina lake lina mlango mmoja. Herufi nayo ni hivyo hivyo. Basi Geschwind akakata shauri kwamba mtoto ambaye hajaanza kufundishwa kusoma angeweza kupimwa kwa rangi. Kama anashindwa kuzitaja, huenda na herufi zitamshinda. Lilikuwa wazo la busara, na ajabu yake ni kwamba lilikosea mahali pake muhimu, na kosa hilo likazaa matunda zaidi kuliko kama wazo lenyewe lingekuwa sahihi.

Mwanafunzi wake, Martha Bridge Denckla, ndiye aliyelipeleka wazo hilo kwa watoto wenyewe. Mwaka 1972 alichapisha matokeo ya wavulana wenye disleksia aliowapima kwa rangi. Walizijua rangi. Nyekundu waliita nyekundu na buluu wakaiita buluu. Daktari mwingine angefunga faili hapo na kuandika kwamba dhana ya mwalimu imeanguka. Denckla alisikiliza zaidi. Majina yalikuwa sahihi, lakini yalikuja kwa kusitasita, kwa kusimama, kwa mtoto kulitafuta neno ambalo ni wazi analijua. Tatizo lilikaa kwenye muda. Kipimo cha kukosa na kupata kisingeweza kuliona hata siku moja.

Akashirikiana na Rita Rudel, na wawili hao wakatengeneza kadi ambazo zimezunguka dunia nzima tangu hapo. Kila kadi ina vitu hamsini katika mistari mitano ya vitu kumi kumi. Vitu vyenyewe ni vitano tu, vinavyorudiwarudiwa bila mpangilio unaoweza kubashiriwa. Kadi moja ilikuwa ya rangi, nyingine ya tarakimu, nyingine ya herufi, na ya nne ilikuwa na picha za vitu vya nyumbani: kitana, ufunguo, saa, mkasi na mwavuli. Mtoto kwanza anathibitisha kwamba anavijua vyote vitano. Kisha anaambiwa avitaje kuanzia juu kushoto hadi chini kulia, haraka awezavyo bila kuruka, na mpimaji anabonyeza saa ya sekunde. Ni hayo tu, hakuna umeme wala mashine, na kazi inaisha chini ya dakika mbili hata kwa mtoto anayejivuta.

Mwaka 1974 walichapisha matokeo ya watoto wasio na tatizo la kusoma, na hapo sauti ya Cattell ikasikika tena. Kadi za herufi na tarakimu zilitajwa upesi kuliko za rangi na picha, ingawa rangi na picha watoto walizijua zamani zaidi. Mwaka 1976 wakatoa matokeo ya watoto wenye shida shuleni. Wenye disleksia walikuwa wazito kuliko wenzao wasio na tatizo, na pia kuliko watoto wenye matatizo mengine ya kujifunza ambao kusoma hakukuwa shida yao. Sasa kulikuwa na kipimo kidogo, cha bei ya karatasi, kilichoweza kumtenga mtoto mwenye shida ya kusoma bila kumtaka asome.

Ungetegemea shule zikimbilie kadi hizo. Hazikukimbilia, na sababu yake inastahili kuelezwa kwa haki. Katika miaka ile ile wazo jingine lilikuwa linapanda, nalo lilikuwa na nguvu ya kweli. Mwaka 1974 Isabelle Liberman na wenzake huko Connecticut waliwaomba watoto wagonge meza mara moja kwa kila sauti iliyomo ndani ya neno. Hakuna mtoto wa miaka 4 aliyeweza. Katika wa miaka 5 waliweza asilimia 17, na katika wa miaka 6 asilimia 70. Mwaka 1983 Lynette Bradley na Peter Bryant wa Oxford, waliofuatilia watoto zaidi ya 400, walionesha kwamba anayezisikia sauti ndani ya maneno kabla ya kuanza kusoma husoma vizuri zaidi baadaye, na kwamba kumzoeza kuzisikia kunamsaidia. Hili lilikuwa jambo la kufundishika. Mwalimu angeweza kuingia nalo darasani kesho yake. Kasi ya kutaja vitu ikaonekana tawi tu la mti huo mkubwa wa sauti: mtoto huchelewa kutaja kwa sababu sauti za neno hazikukaa sawasawa kichwani, basi fundisha sauti na mengine yatafuata. Joseph Torgesen na Richard Wagner wa Florida waliishikilia hoja hiyo kwa takwimu nzito.

Aliyesimama upande wa pili ni Maryanne Wolf, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Tufts, karibu na Boston. Mwaka 1986, pamoja na Heidi Bally na Robin Morris, alichapisha matokeo ya kuwafuata watoto kutoka chekechea hadi darasa la pili. Waliokuja kushindwa kusoma walikuwa wazito wa kutaja tangu chekechea, hata kwa rangi na picha. Baadaye aliungana na Patricia Bowers wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, na mwaka 1999 wakaitoa hoja iliyowagawa watafiti hadi leo. Walisema kuna watoto ambao sauti zinawasumbua lakini wanataja upesi. Kuna wanaozisikia sauti vizuri lakini wanataja polepole. Na kuna wenye mizigo yote miwili, ambao ndio wasomaji dhaifu kuliko wote. Kama hoja yao ni kweli, kuna kundi zima la watoto ambalo kipimo cha sauti kinalipitisha salama langoni, halafu linakwama ndani.

Ushahidi ulionisadikisha mimi ulitoka Salzburg, Austria. Kiingereza, lugha ya karibu tafiti zote hizi, kina tahajia ya ukorofi. Herufi moja hubeba sauti nyingi, na mtoto mwenye shida hukosea maneno waziwazi. Heinz Wimmer aliwaangalia watoto wanaosoma Kijerumani, ambacho huandikwa kwa utaratibu zaidi, na mwaka 1993 akaripoti jambo ambalo mwalimu yeyote wa Kiswahili angelitambua mara moja. Watoto wake wenye disleksia walisoma karibu kila neno kwa usahihi. Walichokosa ni kasi. Neno ambalo mwenzao alilichukua kwa mkupuo mmoja, wao walilivuta kipande kwa kipande. Na kipimo kilichowatofautisha zaidi na wenzao kilikuwa kasi ya kutaja tarakimu.

Swali la yai na kuku lilibaki. Huenda mtoto anataja polepole kwa sababu hajasoma vya kutosha. Mwaka 2009 Arne Lervåg na Charles Hulme walitoa jibu kutoka Norwei. Waliwapima watoto kwa rangi na picha kabla hawajaanza kufundishwa kusoma, wakawafuata. Kasi ya mwanzo ilibashiri ufasaha wa baadaye, na ikaendelea kubashiri jinsi ufasaha huo unavyokua. Uhusiano huu umerudiwa katika lugha nyingi mno. Mwaka 2015 Susana Araújo na wenzake walijumlisha tafiti 137 wakaukuta katika zote kwa pamoja, wa nguvu ya wastani. Wastani, nasema. Kuna watoto wazito wa kutaja wanaosoma vizuri, na wepesi wasiosoma, na mzazi asimhukumu mwanawe kwa saa ya sekunde jioni moja.

Hapo ndipo pipa la Leipzig linaporudi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na baada yake, watafiti kadhaa walipima kasi ya kutaja kwa kuonesha kitu kimoja kimoja, kimetajwa kimeondolewa, na uhusiano na kusoma ukanywea au ukapotea. Ulirudi pale vitu vilipopangwa mstarini. Kilichokuwa kinapimwa, basi, hakikuwa jina peke yake. Kilikuwa ni kule kutanguliza jicho: mdomo unasema “ufunguo” huku jicho limeshakamata mwavuli na akili inalivuta jina lake, bila moja kumkanyaga mwenzake. Mtu asomaye kwa sauti hufanya hivyo hivyo kila mstari. Kadi ya Denckla na Rudel ni kusoma kulikovuliwa herufi, na watu tisa wa Cattell, na tofauti zao za herufi tatu, nne na tano, walikuwa wameshaonesha jambo hilo kabla hata shule haijaanza kuuliza.

Mtu akishajua hivi, hamu ya kwanza ni kumzoeza mtoto kutaja haraka. Peter de Jong na mwenzake huko Uholanzi walijaribu mwaka 2004, wakiwapa watoto wa darasa la kwanza mazoezi ya kutaja herufi kwa kasi. Kasi yenyewe ilisogea kidogo mno, na kusoma hakukupata faida. Kwa hiyo nikisikia mtu anauza mazoezi ya kutaja rangi haraka kama dawa ya kusoma, nasikitika. Ni sawa na kuipoza themomita kwa maji ili homa ishuke.

Kwetu jambo hili lina uzito wake wa pekee. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, na kwa sababu hiyo tumezoea kusema ni rahisi kusoma. Katie Alcock na mwenzake Ngorosho, walipochunguza makosa ya tahajia ya watoto wa Tanzania mwaka 2003, walionya kwamba urahisi huo unapotosha. Kwa somo la Salzburg mimi ninaongeza hili: katika lugha kama yetu mtoto mwenye shida anaweza kujificha miaka mingi. Anaunga ba na be, anafika mwisho wa neno, amepata. Mwalimu anaweka alama ya tiki. Kufikia darasa la nne aya moja ya Maarifa ya Jamii inamla kipindi kizima, na mwanzo wa sentensi umeshamtoka kabla hajafika kwenye nukta. Nyumbani anaitwa mzito. Mimi nimewasikia watoto wakiitwa hivyo, nami katika ujana wangu niliwahi kulitamka neno hilo juu ya mtoto wa ndugu, jambo ninalolijutia.

Tangu upimaji wa stadi za awali za kusoma, uitwao EGRA, ulipoanzishwa mwaka 2006 na kuenea Afrika Mashariki, watoto wetu wamekuwa wakipimwa kwa saa. Mtoto hupewa ukurasa wa herufi mia moja na dakika moja. Kenya iliweka kiwango cha kusoma kwa ufasaha maneno 45 kwa dakika kwa Kiswahili na 65 kwa Kiingereza, na tofauti hiyo ni ya haki, kwa kuwa neno moja letu kama “hawatatusomea” limebeba sentensi nzima ya Kiingereza. Upimaji huu umefanya kazi kubwa ya kuonesha hali ya shule nzima nzima. Lakini kwa mtoto mmoja ukurasa ule unachanganya mambo mawili, kuijua herufi na kuitaja upesi, na kadi za mistari mitano ziliundwa mahususi ili kuyatenganisha.

Anayetaka kuzitengeneza kwa Kiswahili ana kazi ndogo lakini ya kufikirika. Ufunguo una silabi nne na saa ina mbili, kwa hiyo picha za Denckla na Rudel hazihamishiki hivi hivi. Afadhali yai, mbuzi, kiti, moto, jicho. Rangi zina mtego: nyeusi, nyeupe na nyekundu ni zetu tangu awali na hubadilika kwa ngeli, wakati buluu na kijani watoto wengi huzijulia shuleni. Tarakimu ndizo zinazotupendelea. Kuanzia moja hadi tisa, kila jina lina silabi mbili kamili, ulinganifu ambao Kiingereza chenyewe hakina, maana saba yao ni ndefu kuliko nyingine zote.

Waweke sasa watoto wawili wa darasa la pili mbele ya ukurasa wa herufi mia. Wote wawili wanaishia herufi ya ishirini dakika inapokwisha, na kwenye fomu wanaandikiwa namba ile ile. Wape kadi ya tarakimu, nne, saba, mbili, tisa, tano, ambazo kila mmoja amethibitisha anazijua. Wa kwanza anazimaliza hamsini bila kupumzika. Huyu hakufundishwa herufi, au alikuwa mgonjwa zilipofundishwa, na wiki chache za kukaa naye zinaweza kumfikisha kwa wenzake. Wa pili anasema nne, anatazama saba, ananyamaza, anasema saba, anatazama mbili. Herufi anazijua zote mia. Mpe dakika ya pili, ya tatu, ya nne na ya tano, na atakufikisha mwisho wa ukurasa.